Carl Linnaeus na Majina ya Viumbe

Carl Linnaeus alizaliwa tarehe 23 Mei 1707 katika kijiji cha Råshult, kusini mwa Uswidi. Baba yake, Nils, alikuwa mchungaji wa kanisa na mpenzi wa bustani. Jina la ukoo Nils alijitungia mwenyewe, akilitoa katika mti mkubwa uliosimama kwenye ardhi ya jamaa zake. Hivyo, mtu aliyekuja kuipa mimea majina alikuwa amepata la kwake kutoka kwa mti.

Alisoma utabibu Lund na Uppsala, na mwaka 1732 alisafiri Lapland akikusanya mimea. Mwaka 1735 alihitimu udaktari Uholanzi, na huko akachapisha *Systema Naturae*, kitabu cha kurasa chache tu.

Zama hizo jina la mmea lilikuwa maelezo: kifungu kizima cha Kilatini kilichoutofautisha na jamaa zake. Kila mmea mpya ulipopatikana, maelezo ya awali yalipungukiwa, yakarefushwa. Wataalamu wawili wangeweza kuzungumzia mmea mmoja wasijue kuwa ni uleule. Linnaeus alitenga kutaja na kueleza. Katika *Species Plantarum* ya mwaka 1753, yenye spishi karibu 6,000, kila mmea ulipata maneno mawili: la jenasi na la spishi. Mnazi ukawa *Cocos nucifera*. Mkwaju *Tamarindus indica*, jina ambalo asili yake ni Kiarabu, yaani tende ya India. Mbuyu aliuita *Adansonia*, kwa heshima ya Michel Adanson, aliyeuchunguza Senegal, ingawa Adanson alikuwa mpinzani wa mfumo wake.

Juu ya spishi na jenasi aliweka oda, ngeli na himaya. (Ndiyo, ngeli: wanabiolojia wetu na wanasarufi wanachangia neno moja.) Mimea aliigawa kwa kuhesabu stameni, viungo vya kiume vya ua. Njia hiyo ilikuwa nyepesi hata kwa mwanafunzi, lakini iliweka pamoja mimea isiyo na udugu, na baadaye iliachwa. Kwa wanyama alitazama mbali zaidi: katika toleo la kumi la *Systema Naturae*, mwaka 1758, nyangumi aliondolewa miongoni mwa samaki akawekwa pamoja na wanyama wanaonyonyesha.

Binadamu naye alimweka katika oda moja na nyani, jambo lililohitaji ujasiri. Kisha akawagawa watu kwa mabara manne na kulipachika kila kundi tabia. Mwafrika aliandikiwa uvivu na kutawaliwa na matakwa ya ghafla. Linnaeus hakuwahi kukanyaga Afrika. Hapo maelezo yalirudi kuliandama jina, tena maelezo ya kusikia tu, na kwa kuwa yalikaa ndani ya kitabu kilichoaminiwa, yalisomwa kama elimu kwa vizazi kadhaa. Kwa maoni yangu, hilo ni kosa zito kuliko lile la stameni, kwa maana ua halidhuriki kwa kupangwa vibaya.

Miaka yake ya mwisho alipatwa na kiharusi, na kumbukumbu ya majina ikamtoka. Alifariki Uppsala tarehe 10 Januari 1778. Mwaka 1784 mikusanyo yake iliuzwa kwa Mwingereza James Edward Smith, na mpaka leo imehifadhiwa London, ambako wataalamu huirejea wanapobishana mmea upi hasa ndio uliopewa jina.