Dkt Burkitt: Mpasuaji wa jicho moja aliyeisaka saratani ya watoto

MTOTO anayeishi Kaloleni, Bahati au Jericho mwaka mzima si rahisi apatwe na uvimbe wa taya ambao umewaua watoto wengi wa Nyanza na Pwani. Mitaa hiyo ya Eastlands, jijini Nairobi, iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Aliyetambua kwamba kimo kina uzito katika maradhi haya ni Dkt Denis Burkitt.

Alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka wa 1911, na akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho la kulia. Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin kabla ya kugeukia udaktari. Baada ya kuhudumu jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alitumwa Uganda mwaka wa 1946.

Mnamo 1957, katika Hospitali ya Mulago, Dkt Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya zote. Burkitt alikanganyikiwa. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, akamwona mwingine mwenye uvimbe uo huo. Hapo ndipo alipoanza kuziandikia hospitali za Afrika, na mwaka wa 1961 yeye na madaktari wawili wakafunga safari kwa gari kuukuu, takriban kilomita 16,000, hadi Afrika Kusini na kurudi. Palipokuwa na baridi au ukame, uvimbe ulikuwa adimu. Ramani yake ilishabihiana na ile ya malaria.

Kiini cha maradhi kilifumbuliwa na wengine. Mwaka wa 1964 Anthony Epstein na wenzake walipata virusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Kisha ikabainika kwamba kosa limo katika ukarabati. Chembe za kinga hukata jeni zake kwa makusudi ili ziunde silaha dhidi ya vijidudu, kisha huziunga upya. Malaria inapozisumbua mara kwa mara, mikato huzidi, na mara nyingine ncha huungwa pasipofaa: kipande cha kromosomu ya 8 hushikizwa kwenye ya 14. Jeni inayoamuru chembe igawanyike hubaki imewashwa, na uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Kasi hiyo, ajabu ni kwamba, ndiyo iliyoupa udhaifu. Burkitt, na Peter Clifford huko Nairobi, waliona uvimbe ukiyeyuka baada ya dozi chache tu za dawa, wakati ambapo saratani nyingi zilikuwa hukumu ya kifo. Hata hivyo, wapo watoto wanaocheleweshwa kwa kung'olewa meno kwanza, taya ikidhaniwa kuwa na jino bovu.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka wa 1966, akafariki Uingereza mnamo Machi 23, 1993, akiwa na umri wa miaka 82.