Stefano Kaoze na kazi ya kufafanua maneno

Kila mwanafunzi wa kitivo chetu ameambiwa kwamba kabla ya kujenga hoja yafaa kufafanua maneno ya mada. Wengi hutimiza agizo hilo kwa kufungua kamusi, kunakili mstari mmoja na kusonga mbele. Maisha ya Padri Stefano Kaoze, mtu wa jimbo letu, yanaonyesha kwamba kazi hiyo ina uzito zaidi.

Kaoze alizaliwa karibu na mwaka 1886 katika nchi ya Marungu, kusini mwa Kalemie, kwa Watabwa. Wakati huo Wapadri Weupe walikuwa wameanza utume wao Mpala, kwenye ngome ambayo Émile Storms aliijenga mwaka 1883 kando ya ziwa. Huko Mpala Kaoze aliingia seminari ndogo, kisha akaendelea na seminari kubwa ya Baudouinville, yaani Kirungu, katika Moba ya leo. Lugha ya kwao ilikuwa Kitabwa, misheni ilitumia Kiswahili, na seminarini alijifunza Kilatini na Kifaransa. Hivyo wazo moja lilimfikia mara nyingi, kila mara limevaa neno jingine.

Filosofia ya seminari ilikuwa na migawanyo yake: akili mahali pake, utashi mahali pake, hisia mahali pake. Kijana huyo alijiuliza kama migawanyo hiyo inatosha kueleza watu wa kwao. Jibu lake ni insha iliyotoka kwa Kifaransa katika La Revue Congolaise, mwaka 1910 na 1911, kwa jina la La psychologie des Bantu. Watafiti huihesabu kuwa insha ya kwanza ya Mkongo kuchapishwa kwa lugha hiyo. Enzi hizo wageni wengi waliandika kwamba Mwafrika hana mawazo ya jumla kwa sababu hana maneno yake. Kaoze, akiwa bado seminarini, alisimama mahali ambapo mpaka hapo Mwafrika alikuwa anaelezwa tu, akaanza kueleza.

Ugumu wa kazi yake tunaweza kuuona katika Kiswahili chetu, kwa mfano wetu wenyewe. Tukilitafuta neno moyo, kamusi ya Kifaransa itatupa cœur, na mwandishi mvivu ataridhika. Lakini aliyevunjika moyo amepoteza nia ya kuendelea. Aliyepiga moyo konde amepata ushujaa. Anayejua sala kwa moyo anaikumbuka bila kitabu. Mwenye moyo mzuri anawahurumia wengine. Utashi, kumbukumbu na hisia, ambavyo mwalimu wa filosofia alivitenga, vyote vinakaa katika neno hilo moja. Tafsiri imetupa neno mwenza tu. Dhana yenyewe tumeipata kwa kufuata namna watu wanavyosema.

Insha ya Kaoze ina mipaka yake. Mizani aliyotumia ilikuwa ya walimu wake wa misheni, na jarida lilisomwa hasa na Wabelgiji. Hata neno Bantu lingestahili ufafanuzi. Katika lugha nyingi za kwetu maana yake ni watu tu. Ni mtaalamu wa lugha Wilhelm Bleek aliyelipa maana ya kitaalamu, jina la familia ya lugha, katika karne ya 19. Kichwa cha insha kinabeba mamilioni ya watu, lakini watu ambao mwandishi aliwajua kwa kuishi nao ni wale wa Marungu. Hapo msomaji wa leo ana haki ya kumuuliza: Wabantu gani?

Tarehe 21 Julai 1917 Kaoze alipewa upadri, wa kwanza kati ya Wakongo katika enzi ya ukoloni wa Kibelgiji. Alifanya kazi ya uchungaji, na pia aliandika habari za koo na historia ya watu wake. Alifariki mwaka 1951. Miaka sita kabla, mwaka 1945, kitabu cha Placide Tempels, La philosophie bantoue, kilikuwa kimetoka Élisabethville na kupata sifa duniani. Mpaka leo insha nyingi kuhusu mawazo ya Waafrika huanza na Tempels, kana kwamba miaka 35 iliyotangulia hakuna aliyesema kitu.

Wasomaji wa jarida hili wanaandika kwa Kifaransa huku wakifikiri kwa Kiswahili, Kitabwa, Kiluba au Kibembe. Wapo pale pale alipokuwa Kaoze, na wana nafasi pana kuliko yake. Mada ikitaja haki, uhuru au utu, kamusi ifunguliwe, lakini kazi isiishie hapo. Mwandishi aulize neno hilo linasemwaje sokoni, msibani na barazani kwa wazee, kisha aonyeshe mahali ambapo maana hizo zinakutana na zile za kitabu, na mahali zinapoachana. Tukiacha kazi hiyo, wengine wataendelea kutueleza kwa maneno yao.