Michael Faraday, Mtoto wa Mhunzi

Juzi katika chumba cha sayansi nilitia sumaku ndani ya waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi, macho yangu yakiwa kitabuni. Nilipotazama galvanometa, mshale umelala kwenye sifuri. Nikangoja sana. Nilidhani chombo kimeharibika. Lakini nilipoichomoa sumaku kwa hasira, mshale ukaruka! Ndipo nikatafuta habari za mtu aliyeligundua jambo hili.

Michael Faraday alizaliwa mwaka 1791 karibu na London, Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi maskini, naye alisoma shule kidogo tu. Alipopata miaka 14 aliwekwa kwa mjalidi wa vitabu ajifunze kazi. Vitabu alivyovijalidi alivisoma, na majaribio aliyoyakuta humo aliyafanya kwa mikono yake kwa vyombo rahisi. Mwaka 1812 alisikiliza mafundisho ya Humphry Davy, akayaandika, akayajalidi, akampelekea. Mwaka 1813 Davy akampatia kazi ya msaidizi katika Royal Institution.

Hesabu hakuzijua sana. Mwaka 1825 alijaribu kupata umeme kwa nguvu ya sumaku akashindwa. Hakuacha. Mwaka 1831 aliona kwamba sumaku iliyotulia haileti umeme, sharti isogezwe. Mitambo mikubwa ya umeme hata leo yafuata kanuni hiyo. Alifariki mwaka 1867.

Wenzangu, kitabu tukisome, lakini mikono nayo isilale. Mimi ningalingoja tu, nisingalijua kitu.