Askofu Aliyeilinda Meza

Soma kwa ajili ya funzo hili: Luka 22:14–20, Yohana 13:1–17, 1 Wakorintho 11:17–29, Waebrania 10:10–14, Mathayo 25:31–46.

Katika mkoa wa Lindi si ajabu ukoo mmoja kuwa na Mkatoliki, Mwanglikana na Mwadventista. Msibani hukaa mkeka mmoja na kula sinia moja. Lakini ikifika siku ya Meza ya Bwana, kila mtu huenda kwake. Kwa nini chakula alichokitoa Bwana ili tuwe mwili mmoja kitutenge? Maisha ya Frank Weston yanatusaidia kulitazama swali hili bila kukurupuka.

Weston alizaliwa London mwaka 1871, akasoma Oxford, na mwaka 1898 akaja Zanzibar na misheni ya Kianglikana ya UMCA. Aliwafundisha vijana wa Kiafrika katika chuo cha Kiungani, na mwaka 1908 akawekwa kuwa Askofu wa Zanzibar. Eneo lake halikuishia kisiwani. Lilifika Magila upande wa Tanga, na kusini lilifika Masasi, bara ya Lindi, ambako Askofu Edward Steere alianzisha kazi mwaka 1876 pamoja na watumwa waliokombolewa.

Kanisa la Weston lilikuwa limejitenga na Roma tangu karne ya 16, lakini imani yake juu ya Meza ilikuwa karibu sana na ya Wakatoliki. Aliamini kwamba Kristo yupo kweli katika mkate na divai, na kwamba ibada hiyo si halali bila padri aliyewekewa mikono na askofu katika mfululizo unaotoka kwa mitume. Waprotestanti wengi waliokuwa Kenya waliona vingine. Kwao kilicholeta baraka ni imani ya mshiriki katika neno la Kristo, si daraja la mchungaji.

Mwezi Juni 1913 tofauti hiyo ilifichuka. Wamisionari wa makanisa kadhaa ya Kiprotestanti walikutana Kikuyu, Kenya, kwenye misheni ya Kanisa la Scotland, wakapanga namna ya kushirikiana. Walipomaliza, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Meza ya Bwana, na wasio Waanglikana wakashiriki. Mwenyekiti wa mkutano alikuwa Askofu Willis wa Uganda.

Weston hakuwapo. Habari zilipomfikia, alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akiwashtaki maaskofu hao wawili kwa uzushi na kuligawa kanisa. Hoja yake haikuwa ya chuki. Aliishi pwani, katikati ya Waislamu, akajiuliza kanisa lisilojua linaamini nini litawafundisha nini wengine. Magazeti ya Uingereza yaliijadili kesi hiyo kwa miezi mingi. Jibu la Davidson lilitoka mwaka 1915. Hakuwahukumu maaskofu wale kuwa wazushi, lakini alishauri ibada ya namna ile isirudiwe. Mwaka 1918 Weston alikwenda mwenyewe kwenye mkutano wa pili wa Kikuyu na kueleza mpango wake wa umoja. Hawakuafikiana. Mashirika yaliungana katika kazi, si katika Meza moja.

Wakati huo vita vilikuwa vimeigusa nchi yetu. Mwaka 1916 Weston aliunda kikosi cha wapagazi kutoka Zanzibar, akatembea pamoja nao kwa miguu. Mwaka 1920 aliandika kupinga Waafrika wa Kenya kulazimishwa kufanya kazi. Mwaka 1923, mbele ya mkutano mkubwa London, aliwaonya waliofanana naye kwa imani kwamba hawawezi kumwabudu Yesu katika sakramenti huku wakimdharau katika mtu maskini. Alifariki Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924.

Sisi Waadventista hatukubaliani na Weston juu ya Meza. Twaamini kwamba mkate na divai ni alama za mwili na damu ya Bwana, kwamba dhabihu yake ilitolewa mara moja tu, na kwamba kila Mkristo aliyemwamini Mwokozi anakaribishwa. Hata hivyo tusiharakishe kumhukumu. Weston aliichukulia Meza kuwa jambo zito. Je, sisi tunaichukuliaje, tunapotoka baada ya hubiri na kuwaacha wazee wa kanisa na viti vitupu?

Tena, siku zake za mwisho zinatuelekeza kwenye beseni la maji. Usiku ule Yesu hakuanza na mkate. Alianza na miguu yenye vumbi, na ya Yuda ilikuwamo. Mara ngapi tumemtafuta rafiki wa kutawadhana naye, tukampita yule tuliyegombana naye shambani? Mlango wa Meza yetu uko wazi kwa mgeni, lakini moyo unaweza kuwa umefungwa kwa ndugu wa benchi moja. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu waliwaaibisha wasio na kitu mbele ya Meza. Aliyeshika fundisho sahihi na kumpita ndugu yake bado hajaupambanua mwili wa Bwana.

Maswali ya kujadili

1. Umoja wa Wakristo unaweza kujengwa bila kuzungumzia tofauti za mafundisho? Weston na watu wa Kikuyu wanatufundisha nini?

2. Ndugu wa ukoo wako wa kanisa jingine akikuuliza Meza ya Bwana maana yake nini, utamweleza vipi kwa Biblia na kwa upole?

3. Kabla ya Meza ya Bwana ya robo hii, ni nani unayepaswa kumwendea kwanza? Utamwendea lini?