Otto Wichterle: Mkemia aliyetengenezea lenzi laini za macho mezani nyumbani kwake

Alasiri ya sikukuu ya Krismasi mwaka 1961, mjini Prague, mkemia mwenye umri wa miaka 48 alikuwa nyumbani kwake akishughulika na mashine aliyoiunda kwa vipande vya chuma vya mchezo wa watoto wa kujengea. Iliyoizungusha ni dinamo ya baiskeli, na umeme wake ulitoka kwenye transfoma ya kengele ya mlangoni. Siku hiyo mashine ilitoa lenzi nne, laini na zenye kunyumbulika, ambazo mtu angeweza kuzivaa juu ya jicho bila kuumia.

Mkemia huyo ni Otto Wichterle. Jina lake ni nadra kutajwa mjini Jinja au Mbale. Hata hivyo, mkazi wa miji hiyo ya mashariki mwa Uganda anayeweka miwani kando na kuvaa lenzi laini, iwe ya kumsaidia kuona au ya kubadili rangi ya macho, ananufaika na kazi iliyoanzia kwenye meza ile.

Kutoka Bata hadi mikononi mwa Gestapo

Wichterle alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1913 mjini Prostějov, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Czech. Baba yake alikuwa mmoja wa wamiliki wa kiwanda cha zana za kilimo, na njia ya biashara ilikuwa wazi mbele ya kijana huyo. Yeye alichagua kemia, akapata shahada ya udaktari mjini Prague mwaka 1936.

Mwaka 1939 Wanazi walioikalia nchi walifunga vyuo vikuu vyote vya Wacheki. Wichterle akapata kazi katika kampuni ya viatu ya Bata, mjini Zlín. Ni Bata ile ile ambayo viatu vyake vimevaliwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki, na ambayo ina kiwanda Limuru nchini Kenya. Humo, mwaka 1941, aligundua njia ya kutengeneza uzi wa jamii ya nailoni ulioitwa silon. Mwaka uliofuata alikamatwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, akakaa kifungoni kwa miezi kadhaa.

Mazungumzo ndani ya treni

Vita vilipokwisha alirejea chuoni. Mwaka 1952, akiwa safarini ndani ya treni, aliona msafiri mwenzake akisoma makala kuhusu vipandikizi vya chuma vya jicho. Wichterle alimweleza kuwa chuma si rafiki wa mwili, na kwamba ingefaa kutafuta plastiki yenye kupokea maji kama zinavyopokea nyama za mwili wenyewe.

Wakati huo lenzi za kuvaa jichoni zilikuwapo tayari. Adolf Fick, daktari Mjerumani, alikuwa ametengeneza za kioo tangu miaka ya 1880, na baadaye zikaja za plastiki ngumu. Lakini wengi hawakuweza kuzistahimili kwa muda mrefu. Wichterle na mwenzake Drahoslav Lím walitengeneza plastiki ya namna nyingine. Ikiwa kavu, ilikuwa ngumu kama kioo. Ikiloweshwa, ilifyonza maji hadi yakafikia takriban asilimia 40 ya uzito wake, ikawa laini na angavu.

Tatizo lilibaki kwenye kingo. Lenzi zilizotolewa katika kalibu zilipasuka au zilitoka na ukingo wenye kukwaruza. Mwaka 1958 Wichterle aliondolewa chuoni katika msako wa kisiasa wa utawala wa kikomunisti, na ingawa alipewa taasisi ya utafiti, wakubwa hawakuona faida katika lenzi hizo, wakaamuru majaribio yasimame. Ndipo kazi ikahamia nyumbani.

Wazo la siku ile ya Krismasi lilikuwa jepesi: kumimina tone la kemikali katika kikalibu kinachozunguka, ili mzunguko wenyewe uligeuze tone hilo kuwa lenzi yenye ukingo mwembamba na laini. Alizijaribu kwenye macho yake mwenyewe. Kwa msaada wa mkewe, Linda, katika miezi minne ya kwanza ya mwaka 1962 alitengeneza lenzi zipatazo 5,500.

Haki iliyouzwa na wengine

Mwaka 1965 serikali ya Czechoslovakia iliiuzia kampuni ya Marekani haki za uvumbuzi huo bila ya kumpa mvumbuzi usemi wa maana. Baadaye haki hizo zikafika kwa Bausch & Lomb, ambayo lenzi zake ziliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1971. Biashara ikakua kote duniani, lakini fungu la Wichterle lilikuwa dogo mno.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuadhibiwa tena. Mwaka 1968 alitia saini tamko la kudai mageuzi, na majeshi ya Kisovieti yalipoyazima mageuzi hayo, alinyang'anywa uongozi wa taasisi aliyoianzisha.

Maji yaletayo ulaini na hatari

Sifa aliyoitafuta Wichterle, yaani kufyonza maji, ndiyo pia inayodai uangalifu. Lenzi laini hufyonza kilichomo ndani ya maji pamoja na maji yenyewe. Maji ya bomba, ya mto au ya ziwa yaweza kubeba vijidudu, kikiwamo kile kiitwacho acanthamoeba, ambacho hushambulia konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na chaweza kuleta upofu. Kwa hiyo, anayeingia katika maji ya Nile mjini Jinja, kwa kuogelea au kwa mchezo wa mitumbwi, hana budi kuzivua kwanza.

Lenzi husafishwa kwa dawa yake maalumu tu, wala si kwa maji wala kwa mate. Mikono huoshwa kwa sabuni na kukaushwa kabla ya kuzigusa. Dawa ya jana humwagwa, haiongezewi. Na kikasha hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu. Si salama kulala nazo pasipo idhini ya mtaalamu, kuazimana, wala kuzitumia baada ya muda wake kwisha.

Kuchagua nako kuna utaratibu. Kipimo cha miwani pekee hakitoshi, kwa kuwa lenzi lazima ilingane na mviringo wa jicho. Kanuni hiyo inazihusu pia lenzi za urembo. Jinja na Mbale zina hospitali za rufaa za mkoa, na Jinja ndiko kuliko na chuo cha maafisa tabibu wa macho. Jicho likiuma, likiwa jekundu, likikimbia mwanga au likiona ukungu, lenzi ivuliwe papo hapo na mgonjwa aende kupimwa siku hiyo hiyo. Na kwa asiyeweza kupata dawa ya kusafishia kila siku, miwani ndiyo chaguo salama zaidi.

Heshima ya uzeeni

Utawala wa kikomunisti ulipoanguka mwaka 1989, Wichterle alikuwa na umri wa miaka 76. Mwaka uliofuata alifanywa rais wa Chuo cha Sayansi cha Czechoslovakia, wadhifa alioushika hadi nchi hiyo ilipogawanyika. Sayari ndogo nambari 3899 ilipewa jina lake. Alifariki dunia tarehe 18 Agosti 1998 huko Stražisko, bila ya utajiri uliowafikia waliouza kazi yake, lakini akiwa ameyashuhudia mamilioni ya watu wakivaa lenzi zilizotokana na plastiki ile ambayo wakubwa wake walitaka iachwe.