Horace Hunley, mwanasheria aliyefia ndani ya nyambizi yake mwenyewe

Ndani ya jengo moja la zamani la jeshi la majini, huko North Charleston katika jimbo la Carolina Kusini nchini Marekani, kuna tanki kubwa lenye chombo cha chuma cheusi, chembamba kama mtumbwi, urefu wake mita 12 hivi. Kilitolewa chini ya bahari tarehe 8 mwezi wa nane 2000, baada ya kulala mchangani miaka 136. Siku za kazi, wataalamu humwaga maji ya tanki na kuingia kukisafisha. Jumamosi na Jumapili milango hufunguliwa kwa wageni.

Wengi wanaokuja wanajua kwamba hiyo ndiyo nyambizi ya kwanza duniani kuzamisha meli ya adui vitani. Wanaijua kwa jina la H. L. Hunley. Wasiojua wengi ni kwamba Hunley mwenyewe hakuwa mwanajeshi wala fundi, na kwamba siku nyambizi yake ilipopata ushindi wake wa pekee, yeye alikuwa amekwisha kufa miezi minne kabla, humo humo ndani.

Horace Lawson Hunley alizaliwa mwaka 1823 katika jimbo la Tennessee. Wazazi wake walihamia New Orleans akiwa bado mtoto. Huko alikua, akasoma sheria, akawa avoka, akaingia bunge la jimbo la Louisiana, kisha akapata kazi kubwa katika ofisi ya forodha ya bandari. Dada yake, Volumnia, aliolewa na Robert Barrow, mmoja wa matajiri wakubwa wa mashamba ya miwa ya Louisiana. Utajiri huo ulitoka katika jasho la watumwa weusi, na hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote. Ndiyo dunia ambayo Hunley aliijua: sukari, pamba, bandari, na watu wanaouzwa sokoni.

Mwaka 1861 majimbo ya kusini yalijitenga na Marekani ili kulinda mfumo huo, na vita vikaanza. Serikali ya rais Abraham Lincoln ilituma meli za vita kufunga bandari zote za kusini. Shabaha ilikuwa wazi. Kusini haikuwa na viwanda vingi. Iliishi kwa kuuza pamba Ulaya na kununua silaha huko. Ukifunga bandari, umeifunga koo. Mtu aliyefanya kazi ya forodha alielewa jambo hilo haraka kuliko majenerali wengi.

Hunley akakutana na mafundi wawili wa mashine wa New Orleans, James McClintock na Baxter Watson. Hao walikuwa na ujuzi, yeye alikuwa na pesa na marafiki wenye pesa. Pamoja wakatengeneza chombo cha kwanza, wakakiita Pioneer. Mapema mwaka 1862 serikali ya kusini ilikipa kibali cha kushambulia meli za adui kama chombo cha watu binafsi, maana yake wenye chombo wangelipwa kwa kila meli watakayoizamisha. Hapa ndipo inafaa kumwangalia Hunley bila kumpamba. Aliamini katika upande wake, hakuna shaka. Lakini pia ilikuwa biashara. Baadaye, kampuni moja ya wafanyabiashara wa Charleston iliahidi dola 100.000 kwa yeyote atakayezamisha New Ironsides, meli kubwa ya chuma iliyokuwa mbele ya bandari yao. Uzalendo na faida vilikaa ndani ya mashua moja.

Pioneer haikupigana hata siku moja. Mwezi wa nne 1862 jeshi la kaskazini liliteka New Orleans, na wenye chombo wakakizamisha wenyewe ili kisishikwe. Hunley na wenzake wakakimbilia Mobile, katika jimbo la Alabama, wakaanza upya. Safari hii McClintock alijaribu kukiendesha chombo cha pili kwa mota ya umeme, kisha kwa mvuke. Vyote vikashindikana. Wakarudi kwenye nguvu za mikono. Mwezi wa pili 1863 chombo hicho nacho kilizama katika ghuba ya Mobile siku ya hali mbaya ya hewa, na hakuna aliyekufa.

Mtu mwingine angeacha. Hunley alitoa pesa tena, theluthi ya gharama ya chombo cha tatu, ambacho kilitarajiwa kugharimu dola 15.000. Hiki ndicho kilicho leo ndani ya tanki la North Charleston.

Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba kilitengenezwa kwa kubadilisha boila kuukuu la mashine ya mvuke. Wataalamu walipoanza kukisafisha waliona si kweli. Mabamba ya chuma yalikatwa na kupindwa kwa kazi hiyo hiyo, na yameunganishwa kwa ustadi ili maji yapite vizuri juu yake. Ndani, nafasi haimtoshi mtu mzima kusimama. Watu saba waliketi wamebanana kwa mstari, kila mmoja ameshika manivela ndefu ya chuma, wakiizungusha kwa mikono ili propela igeuke nyuma. Wa nane, kiongozi, alikaa mbele na usukani. Mwanga ulikuwa wa mshumaa, na mshumaa ukianza kufifia walijua hewa inakwisha.

Ili kushuka, kulikuwa na tanki la maji mbele na lingine nyuma. Ungefungua robine, maji ya bahari yakaingia, chombo kikawa kizito. Ili kupanda, ungefunga robine na kuyatoa maji kwa pompi ya mkono. Tatizo lilikuwa kwamba matanki hayo hayakufungwa juu. Yakijaa kupita kiasi, maji yanamwagika ndani, miguuni mwa watu. Uzembe mdogo ulitosha kuua.

Mwezi wa nane 1863 chombo kilipakiwa kwenye gari la moshi hadi Charleston, mji uliokuwa umezingirwa. Jeshi lilimwona McClintock kuwa mwoga mno, likakichukua kwa nguvu na kuweka wanajeshi wake. Tarehe 29 mwezi huo, kikiwa karibu na gati na milango ikiwa bado wazi, kilizama ghafula. Inaelezwa kwamba luteni aliyekiongoza alikanyaga kwa bahati mbaya chuma cha kukishusha. Yeye aliponea mlangoni. Watu watano walikufa.

Ndipo Hunley akaandika kwa jenerali Beauregard, mkuu wa jeshi la Charleston, akiomba arudishiwe chombo chake. Hoja yake ilikuwa na maana: wanaokijua ni wale waliokitengeneza. Jenerali akakubali. Wakaja vijana kutoka Mobile, baadhi yao wa karakana ile ile kilikotengenezwa. Kati yao alikuwemo Thomas Park, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa wenye karakana. Mazoezi yakaenda vizuri. Mara nyingi aliyeshika usukani alikuwa luteni George Dixon, kijana mtulivu aliyekuwa amejifunza kazi hiyo kwa subira.

Tarehe 15 mwezi wa kumi Dixon hakuwepo. Hunley aliamua kuongoza mwenyewe. Watu walikuwa wamekusanyika kutazama zoezi: nyambizi ingepita chini ya meli iliyotia nanga, Indian Chief, na kutokea upande wa pili. Ilishuka. Haikutokea.

Wapiga mbizi walichukua wiki tatu hivi kuitoa. Waliikuta pua yake imechoma tope, mkia juu. Walichokiona ndani kiliwaeleza karibu yote. Robine la tanki la mbele lilikuwa wazi. Hunley alilifungua ili kushuka, kisha hakulifunga. Labda alisahau, labda giza lilimchanganya mshumaa ulipozimika. Wale wa nyuma walikuwa wameanza kufungua nati za vyuma vizito vya chini ili chombo kipande, ila hawakumaliza. Hunley mwenyewe alikutwa ndani ya mnara wa mbele, mkono mmoja umeinuliwa kwenye mlango anaoujaribu kuusukuma, mkono mwingine umeshika mshumaa. Uzito wa maji juu ya mlango ule haukuwa wa kushindwa na mkono wa mtu.

Alikuwa na miaka 40 hivi. Pamoja naye walikufa saba, Thomas Park akiwemo. Walizikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Magnolia, Charleston, mwezi wa kumi na moja 1863.

Beauregard alitaka kuacha kabisa. Dixon akambembeleza, naye akakubali kwa sharti kwamba chombo kisishambulie tena kikiwa chini ya maji. Kikapewa baruti kilo 61 mbele ya mti mrefu wa chuma, kama mkuki. Usiku wa tarehe 17 mwezi wa pili 1864, kikatoka kwenye mlango mwembamba wa bahari pembeni ya kisiwa cha Sullivan na kuelekea meli ya vita Housatonic.

Mahali hapo panahitaji maelezo, hasa kwa msomaji wa Kongo. Kabla Marekani haijapiga marufuku kuingiza watumwa mwaka 1808, Charleston ndiyo ilikuwa bandari kuu ya biashara hiyo katika nchi yote. Wengi wa walioshushwa walikaa kwanza karantini kwenye kisiwa hicho cha Sullivan, kuangaliwa kama wana magonjwa, kabla ya kupelekwa sokoni. Na sehemu kubwa yao walikuwa wametolewa pwani ya Kongo na Angola. Mwaka 1739, kando ya mto Stono karibu na Charleston, watumwa waliochukua silaha na kuanza safari ya kutafuta uhuru waliongozwa na mtu wa Kongo. Kwa hiyo maji aliyopita Dixon na wenzake usiku ule ni maji yaliyowapitisha babu zetu. Nyambizi ya Hunley ilikwenda kutetea kile kilichowaleta.

Na mtu wa kwanza kuiona ikija alikuwa mweusi. Robert Flemming, baharia wa cheo cha chini kabisa kwenye Housatonic, alikuwa zamu mbele ya meli. Aliona kitu kinaelea, akatoa taarifa. Ilipothibitika si gogo, muda ulikuwa umekwisha. Baruti ililipuka, Housatonic ikazama kwa dakika chache. Bahari ilikuwa na kina kifupi, hivyo milingoti ilibaki juu na mabaharia wakaikwea. Watano walikufa. Flemming aliokoka, akaiambia tume ya uchunguzi kwamba baadaye aliona mwanga wa buluu juu ya maji.

Nyambizi haikurudi. Jumla ya waliokufa ndani yake ikafika 21, mara nne zaidi ya adui iliyowaua. Bandari ilibaki imefungwa. Mwaka mmoja na siku moja baadaye, tarehe 18 mwezi wa pili 1865, Charleston ilisalimu amri, na miongoni mwa vikosi vya kwanza kuingia mjini kulikuwa na askari weusi.

Wapiga mbizi waliofadhiliwa na mwandishi wa riwaya Clive Cussler waliipata mwaka 1995. Mifupa ya watu wanane ilikutwa kila mmoja mahali pake pa kazi. Hakuna aliyekimbilia mlango kama Hunley alivyofanya. Mtafiti mmoja wa chuo kikuu cha Duke alipendekeza mwaka 2017 kwamba mshindo wa baruti yao wenyewe uliwaua papo hapo. Wengine hawajakubali. Walizikwa mwaka 2004 mbele ya maelfu ya watu, wengi wamevaa mavazi ya jeshi la kusini na kupeperusha bendera zake, jambo ambalo Wamarekani weusi wengi hawalitazami kwa macho mazuri. Mwaka 2023, si mbali na hapo, kwenye gati ya zamani ya Gadsden walikoshushwa watumwa, kulifunguliwa makumbusho ya historia ya Waafrika wa Marekani. Mgeni mwenye siku mbili Charleston anaweza kuona yote mawili. Akiona moja tu, ameona nusu.

Kazi ndani ya tanki ni ya polepole. Chuma kilichokaa baharini muda mrefu kimekunywa chumvi, na kikikaushwa hivyo hivyo kinapasuka na kubomoka. Tangu mwaka 2014 wataalamu wamekuwa wakikiloweka ndani ya maji yenye soda kostiki, ile ile wanayotumia watengeneza sabuni wetu, ili chumvi itoke kidogo kidogo. Wamekwisha kutoa magamba ya mchanga na makombe yaliyoganda nje, na baadaye ya ndani, hadi manivela na pompi vikaonekana tena.

Hunley mwenyewe hajaondolewa. Yuko Magnolia, na wale wa safari tatu zote wamelazwa sehemu moja: watano wa kwanza, ambao baadhi yao makaburi yao yalikuwa yamesahauliwa chini ya uwanja wa mpira, yeye na wenzake saba, kisha Dixon na watu wake.