Joseph Haydn: Mtumishi, Mtunzi na Mwalimu wa Muziki

Katika shule za msingi somo la Muziki aghalabu humwangukia mwalimu aliyewahi kuimba kwaya. Wasio na sauti hujitoa mapema, wakidai kwamba muziki ni kipawa na kwamba kipawa hakifundishwi. Kwa kuwa dai hilo twalisikia kila muhula, tumeona vema tuwasimulie wanachuo maisha ya Joseph Haydn, mtunzi wa Austria aliyeishi kati ya mwaka 1732 na 1809. Wengi wamekwisha kusikia kwamba alitunga simfoni zaidi ya 100. Ni wachache wajuao kwamba sehemu kubwa ya umri wake ilipita nyuma ya jukwaa, akifundisha waimbaji, akitunza ala, akipatanisha wanamuziki waliogombana, na akipokea amri za bwana wake kila siku. Habari za tungo zake tutazipitia kwa haraka, maana lililo muhimu kwa mwalimu ni namna alivyofundishwa na namna alivyofundisha.

Haydn alizaliwa tarehe 31 Machi, 1732 katika kijiji cha Rohrau, karibu na mpaka wa Hungaria. Baba yake, Mathias, alikuwa fundi wa kutengeneza magurudumu ya magari ya farasi; mama yake alikuwa amewahi kuwa mpishi katika nyumba ya kabaila wa mahali pale. Baba hakujua kusoma nota hata moja, lakini alipiga kinubi kwa kusikia tu, na jioni nyumba nzima iliimba pamoja. Mtoto alikuwa akichukua kipande cha kijiti na kujifanya apiga fidla, ala ile ile ambayo sisi twaifahamu katika taarabu, huku akienda sawasawa na mapigo ya wimbo. Siku moja jamaa yao aitwaye Johann Matthias Franck, mkuu wa shule katika mji mdogo wa Hainburg, alimwona akifanya hivyo. Wanachuo na watazame jambo hili kwa makini: mtoto hakuwa ameimba vizuri kuliko wenzake wala hakuwa amepiga ala yoyote. Alichokionyesha ni kushika mapigo, na mwalimu mwenye macho alitambua kwamba hapo pana pa kuanzia.

Basi akiwa hajatimiza miaka sita Haydn alichukuliwa kwenda Hainburg, wala hakurudi tena kuishi kwa wazazi wake. Kwa Franck alijifunza kusoma, kuandika, dini, kuimba, na kupiga ala nyingi za nyuzi na za kupuliza. Inasimuliwa kwamba mpiga ngoma wa mji alifariki wakati maandamano ya kanisa yalipokuwa yamekaribia, Franck akamwonyesha mtoto jinsi ya kupiga kisha akamwacha peke yake. Haydn alitafuta kapu la unga, akalifunika kitambaa, akaliweka juu ya kiti na kufanya mazoezi kwa bidii hata asitambue kwamba unga unatimka na kukichafua kiti. Siku ya maandamano ngoma ilibebwa na mtu mfupi sana mbele yake ili mpigaji aifikie. Twajua kwamba katika shule zetu ala hazitoshi, na mara nyingine hazipo kabisa. Kapu la unga ni zana ya kufundishia, na aliyeibuni ni mwanafunzi.

Lakini nyumba ya Franck ilikuwa na upande wa pili. Haydn mwenyewe alieleza uzeeni kwamba huko alipata viboko vingi kuliko chakula, na kwamba alikaa katika uchafu uliomwonea aibu hata akiwa mtoto. Pamoja na hayo aliendelea kumshukuru Franck kwa kumzoeza kazi nyingi. Wapo walimu ambao, wakisikia shukrani hiyo, hutoka na hoja kwamba fimbo ndiyo iliyomfanya Haydn kuwa Haydn. Sisi hatukubaliani nao. Viboko vilitolewa kwa watoto wengi wa Hainburg, na hatujasikia kwamba vilizaa watunzi wengine. Alichoshukuru Haydn ni kufundishwa mambo mengi mapema na kupewa kazi ya kweli mbele ya watu wa kweli, kama ile ya ngoma. Mtu mzima aweza kumsamehe mwalimu wake. Msamaha huo hauwi ushahidi kwamba njia ya mwalimu ilikuwa njema.

Mwaka 1740 hivi, Georg Reutter, kiongozi wa kwaya ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano mjini Vienna, alipita Hainburg kutafuta wavulana wenye sauti. Alimwomba Haydn aimbe kwa kutetemesha sauti. Mtoto alijibu kwamba hawezi, na kwamba hata mwalimu wake hawezi. Reutter alimwonyesha, mtoto akajaribu mara ya kwanza na ya pili, na ya tatu akaweza. Akapewa matunda ya cheri yaliyokuwa mezani. Hilo ni somo zuri la dakika chache: onyesha, mwache ajaribu, mtuze. La kusikitisha ni kwamba Reutter hakuendelea hivyo. Katika miaka karibu tisa aliyokaa kwake, Haydn alikumbuka kupata masomo mawili tu ya kanuni za utunzi. Wavulana walikuwa wa kuimba, na sauti zao zilikuwa mali ya kanisa. Sauti ya Haydn ilipovunjika, sifa zikamwendea mdogo wake Michael. Mwaka 1749 hivi, baada ya kumkata mwenzake nywele zilizosukwa nyuma kwa utani, alichapwa na kufukuzwa. Alikuwa na umri wa miaka 17, hana kazi wala akiba.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyojenga maarifa yake. Alikaa katika chumba cha juu kabisa chini ya paa, kwa dhiki, akifundisha watoto wa watu kinanda kwa malipo madogo na kupiga muziki mitaani usiku. Alijifunza utunzi peke yake, hasa kwa kitabu cha Johann Joseph Fux kiitwacho Gradus ad Parnassum, ambacho humpandisha mwanafunzi kwa hatua ndogo ndogo, kutoka nota moja dhidi ya moja hata nyingi dhidi ya moja. Hatimaye alipata nafasi kwa Nicola Porpora, Mwitalia mzee aliyekuwa mwalimu maarufu wa waimbaji. Haydn alimpigia kinanda wakati wa masomo, alimsafishia viatu na nguo, na alivumilia matusi. Kwa kukaa pembeni ya masomo ya wengine alijifunza uimbaji, lugha ya Kitaliano na misingi ya utunzi. Ndiyo maana twasema kwamba mwanachuo akaaye nyuma ya darasa katika mazoezi ya kufundisha, akimtazama mwalimu mzoefu, hapotezi wakati.

Tarehe 1 Mei, 1761 Haydn alitia sahihi mkataba na Prinsi Paul Anton Esterházy, mmoja wa makabaila matajiri sana wa Hungaria. Mkataba huo umehifadhiwa, na masharti yake yanastaajabisha. Msaidizi wa mkuu wa wanamuziki, maana hicho ndicho kilichokuwa cheo chake, alipaswa kuvaa sare, soksi nyeupe, na kupaka nywele unga kama watumishi wengine wa ngazi yake. Kila siku, kabla ya adhuhuri na baada yake, alipaswa kusimama katika chumba cha mbele kuuliza kama bwana anataka muziki. Aliwajibika kutunza ala zote na karatasi zote za nota, kusuluhisha ugomvi wa wanamuziki, na kuwafundisha waimbaji wa kike wasije wakasahau kijijini waliyojifunza mjini. Tungo zake zote zilikuwa za prinsi, wala hakuruhusiwa kumpa mtu mwingine nakala. Mshahara ulikuwa guldeni 400 kwa mwaka.

Msomaji wa leo aweza kuuita mkataba huo utumwa. Sisi twaona kwamba neno hilo lazidi kidogo, maana Haydn aliupokea kwa hiari na wenzake wengi mjini Vienna walikuwa na njaa. Hata hivyo ni haki kusema kwamba mtu alitunga kazi zisizokuwa zake. Sharti hilo liliondolewa katika mkataba mpya wa mwaka 1779, baada ya miaka 18.

Paul Anton alifariki mwaka 1762, akarithiwa na nduguye Nikolaus, aliyependa muziki kupita kiasi. Mwaka 1765 mkuu wa wanamuziki, mzee Gregor Joseph Werner, alipeleka mashtaka kwamba chini ya Haydn ala zinapotea na wanamuziki ni wavivu. Haydn alikaripiwa, akaamriwa kuandikisha mali ya muziki na kuzidisha bidii ya kutunga. Ni wakati huo alipoanza kuweka orodha ya tungo zake mwenyewe, orodha ambayo wataalamu wanaitegemea mpaka leo. Werner alipofariki mwaka 1766 Haydn alishika nafasi yake.

Nikolaus alipiga baritoni, ala ya nyuzi ambayo wakati huo ilikuwa nadra. Haydn alimtungia zaidi ya vipande 120 vya ala tatu, vingi vikiwa katika funguo chache zilizo rahisi kwa ala hiyo na kwa mpigaji wake. Inasimuliwa kwamba Haydn mwenyewe alijifunza baritoni kwa siri usiku, akampigia prinsi katika funguo nyingi akitazamia kusifiwa. Prinsi hakufurahi hata kidogo. Haydn akaiacha, lakini alikuwa amekwisha kujua kwa mikono yake mwenyewe ala ile ina ugumu gani. Hali kadhalika katika opera. Katika kasri la Eszterháza lilijengwa jumba la opera lililofunguliwa mwaka 1768, na mwaka 1786 peke yake yalifanyika maonyesho zaidi ya 100. Haydn aliongoza mazoezi, alisahihisha nakala za wanukuzi, na alizibadili nyimbo za watunzi wengine ziingie katika sauti za waimbaji aliokuwa nao. Mwimbaji asiyefika juu alishushiwa wimbo. Mwenye pumzi fupi alipunguziwa. Mwalimu wa Darasa la Pili anayewalazimisha watoto kuimba wimbo uliozidi koo zao angefanya vema kulifikiri jambo hili kabla ya kuandika andalio la somo.

Kisa kijulikanacho zaidi ni cha mwaka 1772. Wanamuziki wengi hawakuruhusiwa kukaa na wake zao Eszterháza, na mwaka huo prinsi alikawia kurudi mjini. Walimwendea Haydn. Yeye, akiwa mtumishi kama wao, hakuweza kumwamuru bwana. Akatunga simfoni ambayo katika sehemu ya mwisho kila mpigaji humaliza zamu yake, huzima mshumaa wake na kuondoka, mpaka zikabaki fidla mbili, moja ya Haydn na moja ya Luigi Tomasini. Prinsi alifahamu, na safari ikaandaliwa. Tumewahi kusikia kisa hiki kikisimuliwa kama kichekesho. Kwa maoni yetu kilikuwa hatari: watu wale walikuwa na mishahara ya kupoteza, na aliyesimama mbele yao alikuwa na zaidi.

Nikolaus alifariki mwaka 1790, na mrithi wake akawaachisha kazi wanamuziki walio wengi. Haydn, mwenye miaka 58, alibaki na cheo na malipo bila kazi. Johann Peter Salomon, mpiga fidla na mwandalizi wa maonyesho, alimchukua hadi London, wakafika mwanzoni mwa mwaka 1791. Huko mtumishi wa nyuma ya jukwaa akawa mtu wa mbele; katika safari zake mbili alitoa simfoni 12, na Chuo Kikuu cha Oxford kilimtunukia shahada ya udaktari. Lakini mwaka 1792, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, aliwasikia watoto wapatao 4,000 wa shule za hisani wakiimba pamoja wimbo mmoja rahisi wa dini. Aliandika katika daftari lake kwamba hakuna muziki uliomgusa kama huo, akaunukuu na wimbo wenyewe. Walioimba walikuwa watoto wa maskini, na waliowafundisha hawakutajwa majina.

Haydn hakuwa mwalimu mkamilifu. Kuanzia mwisho wa mwaka 1792 alimfundisha kijana Ludwig van Beethoven kwa mwaka mmoja na zaidi kidogo. Mazoezi yapatayo 245 ya Beethoven yamehifadhiwa, na yaliyosahihishwa na Haydn ni kama 42. Kijana alikata tamaa, akamwendea kwa siri mwalimu mwingine. Haydn alikuwa na shughuli nyingi, jambo ambalo kila mwalimu mwenye rundo la madaftari hulisema. Mwanafunzi hakuliona kuwa ni sababu ya kutosha.

Utungo wake mkubwa wa uzeeni, Uumbaji, ulisikika kwanza mwaka 1798. Tarehe 27 Machi, 1808 ulipigwa katika Chuo Kikuu cha Vienna kwa heshima yake. Aliingizwa amebebwa juu ya kiti, na alitolewa kabla ya mwisho kwa kuwa moyo ulimzidia. Beethoven alikuwapo. Haydn alifariki tarehe 31 Mei, 1809, mji ukiwa mikononi mwa jeshi la Ufaransa. Jina la Franck wa Hainburg halikusahauliwa katika wasia wake. Binti wa mwalimu huyo na mumewe waliandikiwa guldeni 100, pamoja na picha ya Franck ambayo Haydn alikuwa ameitunza.